Kiti cha kumi ni sawa na kiti cha kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala kuhusu mashindano ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, iliyochapishwa hivi karibuni katika kurasa za michezo za gazeti lako. Mwandishi alieleza mengi kwa ufasaha, lakini alipofika kwenye mashindano ya mchujo, yale ambayo wachezaji huyaita setilaiti, aliwashauri wasomaji wacheze kama wanavyocheza shindano lingine lolote: wakusanye chipu, yaani vidonge vya kuwekea dau, kwa ukali tangu mgao wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa mwenye chipu nyingi ndiye mwenye kiti. Ushauri huo unafaa kwa aina chache tu za setilaiti. Kwa aina iliyoenea zaidi, ule ni ushauri uliowapokonya watu viti ambavyo walikuwa wamebakisha kuketi tu. Mimi ni mmoja wa watu hao, na nitalieleza hilo mbele kidogo.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, setilaiti ni shindano dogo ambalo zawadi yake si fedha bali ni nafasi ya kuingia shindano kubwa zaidi. Wachezaji mia moja wakitoa dola 100 kila mmoja, zinapatikana dola 10,000, na fedha hizo hununua viti kumi katika shindano ambalo kiingilio chake ni dola 1,000. Mwenye ukumbi naye huongeza ada yake juu, tuseme dola tisa kwa kila mchezaji. Shindano huchezwa mpaka wabaki watu kumi, kisha karata huwekwa chini. Mwenye chipu laki tatu na mwenye chipu mbili za mwisho hutoka mlangoni wakiwa na kitu kilekile mkononi, wala hakuna anayeulizwa alipita akiwa wa ngapi.

Wazo hili lilizaliwa Las Vegas, katika World Series of Poker, mashindano ambayo Benny Binion aliyaanzisha mwaka 1970 na ambayo shindano lake kuu lina kiingilio cha dola 10,000. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno kwa wachezaji wengi, na anayetajwa kuwa mwasisi wa njia ya kukigawana ni Eric Drache, aliyekuwa akiyasimamia mashindano hayo: watu kumi waketi meza moja, kila mmoja atoe dola 1,000, na atakayebaki peke yake achukue kiti. Mwaka 1983 Tom McEvoy alikuwa mtu wa kwanza kutwaa ubingwa wa shindano kuu baada ya kuingia kwa njia hiyo, na aliyeshika nafasi ya pili, Rod Peate, naye alikuwa amepitia setilaiti. Miaka 20 baadaye, mwaka 2003, mhasibu kutoka Tennessee aitwaye Chris Moneymaker aliingia kwa setilaiti ya mtandaoni iliyoanzia dola 86, akawashinda wenzake 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata washiriki waliongezeka kutoka 839 hadi 2,576, na bingwa wake, Greg Raymer, naye alikuwa amefuzu kupitia mtandao.

Naitaja historia hii kwa sababu nadhani ndiyo iliyompoteza mwandishi wenu. Setilaiti ya Drache ilikuwa na kiti kimoja. Katika meza ya namna hiyo ushauri wa makala ni sahihi kabisa: wa pili hapati chochote, kwa hiyo kila chipu unayoiongeza ina thamani sawa na ile iliyotangulia, na mchezaji anayejibanza pembeni akisubiri wengine watolewe anajidanganya, kwa kuwa mwishowe atalazimika kumkabili mtu mmoja mwenye rundo mara nane ya lake. Huko cheza kwa ukali, ukubali kupoteza mara nyingi, wala usijilaumu. Lakini viti vikiwa viwili, vitano au kumi, hesabu inageuka, na kadiri viti vinavyoongezeka ndivyo inavyozidi kugeuka.

Turudi kwenye watu wetu mia moja. Tuseme kila mmoja amepewa chipu 10,000. Jumla ya chipu zote zilizomo ukumbini ni milioni moja, wala hazitaongezeka hata moja ikiwa hakuna anayeruhusiwa kununua tena. Watakapobaki watu kumi, wastani wa kila mmoja utakuwa 100,000. Hesabu hii ya kugawa jumla ya chipu kwa idadi ya viti ndiyo ya kwanza ambayo mtu anapaswa kuifanya anapoketi, kabla hata ya kuangalia karata zake, kwa sababu inamwambia safari yake inaishia wapi. Aliyefikisha 100,000 wakati wamebaki watu kumi na watano amekaribia sana kumaliza kazi, na mara nyingi hata 70,000 humtosha. Chipu ya 150,000 haimnunulii kitu ambacho ile ya 100,000 haikumnunulia, ilhali ile ya 100,000 ikipotea inaondoka na kiti chake. Katika shindano la kawaida, ambamo wa kwanza hulipwa mara nyingi zaidi ya wa kumi, ziada hiyo ina kazi. Hapa haina.

Simaanishi kwamba mtu ajifungie ndani tangu mwanzo. Hilo ni kosa la upande wa pili, na huwapata hasa wale waliosikia nusu ya ushauri huu. Wakiwa wamebaki watu themanini na viti ni kumi, hakuna cha kulinda. Bado unahitaji kuzidisha chipu zako mara kadhaa, na madau ya lazima, yale ambayo wachezaji wawili kwa zamu huyaweka kabla ya kila mgao, mmoja dogo na mwingine kubwa, hupanda kwa saa yake bila kumhurumia aliyekaa kimya. Saa ya kwanza na ya pili icheze kama shindano zuri la kawaida, kwa karata nzuri na nafasi nzuri mezani, bila pupa. Setilaiti zinazoruhusu mtu kununua chipu tena zinahitaji jambo moja tu la ziada, nalo ni kuamua kabla ya kuingia utanunua mara ngapi, kwa maana nimewaona watu waliotumia dola 400 kukifuata kiti cha dola 500, ambacho wangeweza kukinunua dirishani na kulala mapema.

Mahali ambapo viti vingi hupatikana ni katikati, wakati wamebaki watu mara mbili au tatu ya idadi ya viti. Wachezaji wengi huanza kuogopa hapo, na woga wao una bei. Madau ya lazima yamekuwa makubwa, akiba za watu ni mara kumi au kumi na mbili tu ya dau kubwa, na kila anayepandisha dau anajua kwamba akijibiwa kwa nguvu hana tena pa kurudi. Wakati huo silaha iliyo bora ni kuwa wa kwanza kusukuma chipu zote katikati, badala ya kupandisha kidogo kisha ukakaa ukiomba usijibiwe. Anayesukuma ana njia mbili za kushinda: wengine watupe karata, au waitikie, yaani waweke kiasi kilekile, na karata zake zishinde. Anayeitikia ana njia moja. Tofauti hii ipo katika poka yote, lakini katika setilaiti inapanuka kiasi kwamba karata ambazo ni halali kabisa kuzisukuma, kama vile ree na tano (kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri, na tano za pamoja hufunuliwa mezani), huwa ni upuuzi kuitikia nazo.

Wapo watakaoniuliza upuuzi huo unapimwaje, na naona vyema nioneshe hesabu yenyewe, kwa kuwa haihitaji kompyuta. Chukua wachezaji wanne waliobaki, viti vitatu, na kila mmoja ana chipu sawa na wenzake. Kwa kuwa wote wako sawa, kila mmoja ana nafasi tatu kati ya nne, yaani asilimia 75, ya kupata kiti. Sasa mmoja anasukuma zote na zamu ni yako. Ukitupa karata unabaki na ile asilimia 75, pungufu kidogo tu kwa ajili ya dau lako la lazima. Ukiitikia, mmoja wenu atatoka na shindano litaisha papo hapo: ukishinda una kiti, ukishindwa huna. Kwa hiyo huna sababu ya kuitikia mpaka karata zako ziwe na uwezekano wa kushinda unaozidi robo tatu. Ree na mfalme wa rangi moja, karata ambazo katika shindano la kawaida watu huzifurahia, hushinda asilimia 67 hivi dhidi ya mtu aliyesukuma bila hata kuangalia alichogawiwa. Hazifiki. Jozi ya kumi hufika asilimia 75 na kuishia hapohapo kizingitini, jozi ya ghulamu 77, ya malkia 80, ya wafalme 82 na ya ree 85. Na hayo ni dhidi ya mtu anayesukuma chochote. Akiwa anachagua karata zake, asilimia hizo hushuka, na orodha ya karata za kuitikia hubaki fupi ajabu.

Ongeza sasa idadi ya viti. Watu kumi na mmoja, viti kumi, wote wakiwa na chipu sawa: kila mmoja ana nafasi kumi kati ya kumi na moja, yaani karibu asilimia 91. Jozi ya ree, ambayo hakuna jozi iliyo juu yake katika mchezo huu, ina asilimia 85. Maana yake ni kwamba unapogawiwa ree ya shupaza na ree ya kopa, na mwenye chipu sawa na zako akakusukumia zote, uamuzi sahihi ni kuzitupa. Najua ni neno gumu kumeza. Nimewahi kulisema mbele ya wachezaji wa miaka mingi nikachekwa, na mmoja akaniambia kwamba mtu anayetupa ree mbili aende akacheze dhumna. Lakini hakuna aliyenionesha kosa katika mgawanyo ule.

Nami nilichelewa kuuamini. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika setilaiti ya mtandaoni inayofanana kwa kila hali na mfano wangu: watu mia moja, viti kumi. Tulikuwa tumebaki kumi na mmoja katika meza mbili. Nilikuwa na chipu 131,000, wa pili katika shindano zima, na aliyekuwa wa kwanza, mwenye 140,000 na ushei, alikuwa ameketi kuliani kwangu. Katika meza ya pili kulikuwa na mtu mwenye chipu 9,000, na dau kubwa la lazima, ambalo lilikuwa 8,000, lingemfikia baada ya migao miwili. Wote mezani kwangu walitupa karata mpaka ikafika kwa yule jirani, aliyekuwa na dau dogo. Naye akasukuma zote. Nilikuwa na dau kubwa, na nilipofunua pembe za karata zangu niliona mfalme wa uru na mfalme wa pau. Sikufikiri hata sekunde tano. Niliitikia kwa furaha, akafunua ree na saba, na takriban asilimia 70 za ushindi zilikuwa upande wangu. Karata nne za mezani zilipita salama. Ya tano ilikuwa ree.

Nikatoka wa kumi na moja. Mwenye chipu 9,000 aliketi kiti changu bila kucheza karata hata moja, na sina shaka alikuwa akiitazama meza yetu na kucheka. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Katika setilaiti mambo huwa kinyume, fahali wakipigana nyasi ndizo zinazostawi. Kila mmoja wa wale tisa wengine alipata faida kutokana na ugomvi wetu, na wanaopata hasara katika ugomvi wa aina hiyo ni wawili wanaopigana tu. Huwa nasikia watu wakimlaumu bahati, na mimi wiki ile nilimlaumu sana, lakini ukweli ni kwamba hata ree isingetokea ningekuwa nimenunua kwa hatari ya asilimia 30 kitu ambacho nilikuwa nacho tayari kwa zaidi ya asilimia 99. Jirani yangu naye, kwa hakika, alikosea karibu sawa na mimi. Kunisukumia ni jambo lenye maana ikiwa ana hakika kwamba nitatupa. Hakuwa na hakika hiyo, na waliokuwa na akiba za wastani, ambao wangetetemeka na kutupa, walikuwa wameketi kushoto kwangu wakisubiri kuporwa.

Hapo ndipo penye tofauti nyingine ambayo makala haikuigusa. Mwenye rundo kubwa asichague wa kumshambulia kwa chuki wala kwa mazoea. Aliye na rundo kama lake amwache kabisa. Mwenye chipu za dau moja au mawili hana cha kupoteza, ataitikia kwa karata zozote, kwa hiyo kumtisha ni kazi bure. Aliye katikati, mwenye kutosha kupita iwapo atatulia lakini ambaye kosa moja litamtoa, ndiye anayelazimika kutupa hata karata nzuri, na madau yake ya lazima yanaweza kuokotwa mzunguko baada ya mzunguko. Na hata hilo lina mwisho: ukishafika kwenye kipimo chako, kuokota madau ya watu huwa ni michezo tu, na michezo inaweza kukuponza.

Nieleze pia suala la kuhesabu mizunguko, kwa kuwa wengi hulikadiria kwa macho. Katika hali niliyoieleza, madau yakiwa 4,000 na 8,000, kila mzunguko ulikuwa ukimgharimu mtu 12,000. Kwa chipu zangu 131,000 ningeweza kutupa karata mizunguko kumi, ambayo kwa meza ya watu sita ni migao 60, hata kama madau yangepanda katikati na kuipunguza idadi hiyo. Mwenye 9,000 alikuwa na migao miwili. Mtu akiyaandika mambo haya mawili kando kwa kando kwenye karatasi, hahitaji kuambiwa afanye nini na wafalme wake. Ndiyo maana wachezaji wenye uzoefu wa setilaiti, karata zinapogawiwa, macho yao huwa kwenye meza nyingine: nani ana chipu chache kuliko zote, dau kubwa litamfikia lini, na je, atafikiwa kabla yangu?

Jambo hili limezaa tabia ya kuchelewesha, yaani mtu kutumia sekunde zake zote kila zamu ili meza nyingine icheze migao mingi zaidi na watu watolewe huko. Kwa mizani ya hesabu ina faida, na hakuna anayeweza kukana. Kwa maoni yangu haipendezi, na waandaaji wengi huizima kwa kuzifanya meza zote zicheze mgao mmoja kwa wakati mmoja pindi anapobaki mtu mmoja au wawili tu wa kutolewa kabla ya viti kupatikana. Hapo kuchelewesha hakukusaidii chochote, na anayeendelea nako anawaudhi watu bure. Naona waandaaji wangeanza utaratibu huo mapema zaidi kuliko wanavyofanya sasa.

Vivyo hivyo kuna ule ushirikiano wa kimyakimya. Mwenye chipu chache anaposukuma zote na watu watatu wakaitikia, wale watatu huacha kupandisha dau kati yao na kugonga meza tu, yaani kupita bila kuweka dau, mpaka karata ya tano, kwa sababu kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kumtoa unavyoongezeka, na akitoka wote wananufaika. Kila mmoja akifikia uamuzi huo kichwani mwake, ni mchezo halali. Wakikubaliana kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, huo ni udanganyifu, na sheria za mashindano huwaadhibu. Mgeni anayepandisha dau katika hali hiyo bila kuwa na karata za kushinda, akamfukuza mwenzake ambaye angemshinda yule mnyonge, hutazamwa na meza nzima kwa jicho ambalo hatalisahau.

Nao wenye chipu chache wana masomo yao. Kosa lao kubwa ni kusubiri karata za ndoto hadi akiba inafika chini ya madau mawili, kiasi kwamba hata wakisukuma hakuna anayeogopa. Chipu zako zikiwa bado mara nne au tano ya dau kubwa, kusukuma kwako kunaweza kumfanya mtu atupe. Zikiwa mara moja na nusu, unaomba huruma. Kwa hiyo kama kuna watu watatu au wanne walio chini yako na madau yatawafikia mapema, tulia. Kama wa chini kabisa ni wewe, usingoje madau yakukute. Sukuma ungali na meno, tena ukiwa wa kwanza kuingia, hata kwa karata ambazo ungeona haya kuzionesha.

Kuna aina nyingine ambayo haifuati niliyoyasema. Katika setilaiti hizo, mchezaji akifikisha idadi fulani ya chipu iliyotangazwa tangu mwanzo hupewa kiti hapohapo na kuondoka, wengine wakaendelea. Humo kulala ni hasara, kwa sababu bila kufikia idadi ile kubaki hai peke yake hakukupi kiti. Msomaji asome masharti kabla ya kulipa. Nimeona watu wakibishana na msimamizi wakati wa mapumziko juu ya jambo lililoandikwa mlangoni.

Mwisho wa yote kuna hesabu ya kiti chenyewe, ambayo makala iliipita kwa sentensi moja ya kusifia bei nafuu. Rudia mfano wetu. Watu mia, viti kumi: mchezaji asiye na ujuzi unaowazidi wengine atapata kiti mara moja katika kila majaribio kumi. Kila jaribio ni dola 109 pamoja na ada. Kiti chake cha dola 1,000, basi, kimemgharimu kwa wastani dola 1,090. Setilaiti haipunguzi bei kwa mtu wa kawaida, inaiongeza. Unafuu wake humfikia yule tu anayefuzu mara nyingi zaidi ya kumi kwa mia, na anafuzu hivyo kwa sababu wenzake wanaitikia na ree na mfalme pale wasipopaswa. Akifuzu mara 15 kwa mia, kiti kinamgharimu takriban dola 727. Hiyo ndiyo faida yote iliyopo, wala haipatikani kwa ushujaa.

Halafu ajiulize kama anakihitaji kiti. Setilaiti nyingi hazikupi fedha taslimu badala yake, na shindano kubwa lina nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea. Moneymaker mwenyewe amesimulia kwamba katika setilaiti yake ya mwisho zawadi ya nafasi ya nne ilikuwa dola 8,000 taslimu, wakati watatu wa juu walipata viti, naye aliitamani ile ya nne kwa kuwa alikuwa na madeni, mpaka rafiki yake akamshawishi abadili nia. Watu huisimulia hadithi hiyo kama kichekesho. Mimi naona kwamba kwa mtu mwenye madeni wazo lake la kwanza lilikuwa na mantiki, na kwamba matokeo yaliyofuata, ambayo hakuna aliyeweza kuyatabiri, hayakulifanya kuwa la kipumbavu.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linapotangaza matokeo ya mashindano ya mchujo huorodhesha waliofuzu kuanzia mwenye chipu nyingi hadi mwenye chache, na kumpa wa kwanza herufi nzito kana kwamba ametwaa kombe. Naomba waandikwe kwa mpangilio wa alfabeti, na kando ya majina iwekwe idadi ya washiriki, idadi ya viti na kiingilio pamoja na ada. Mara ya mwisho nilipofuzu, nilipita nikiwa na chipu 31,000, wa tisa kati ya kumi, baada ya kutupa jozi ya malkia mbele ya mtu ambaye hakuzifunua karata zake na ambaye hata leo sijui alikuwa na nini.

Wako mtiifu,
Msomaji wa kurasa za michezo